Shubaka la Upande wa Kulia

Mpelelezi alikuwa na mashahidi wawili, na mashahidi hao walipingana. Wa kwanza alikuwa bawabu wa makumbusho ya mji, mzee ambaye watu wote walimwita Babu Kufuli. Wa pili alikuwa picha. Kwa maoni ya ofisi nzima ya makumbusho, picha ndiyo iliyokuwa na akili timamu zaidi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya ufunguzi. Ukarabati wa jumba ulikuwa umekwisha, isipokuwa ngazi za mbele, ambazo mwashi alikuwa bado akizisugua kwa msasa huku akiwafokea waliozikanyaga. Uani watu walikuwa wakipanga viti vya plastiki na kubishana kivuli kitakuwa wapi alasiri. Kila aliyepita alikuwa na la kuchekesha. Mpelelezi, ambaye hakuwa na desturi ya kucheka kazini wala kwingineko, aliwasalimu wote na kuingia chumba cha nyuma.

Hicho ndicho kilichoitwa Chumba cha Bendi. Zamani bendi ya kwanza ya matarumbeta ya mji ilifanyia mazoezi humo. Bendi ilipokufa, chumba kiligeuzwa stoo na kujazwa makabati mabovu hadi darini, kikabaki hivyo muda mrefu kiasi kwamba katika wafanyakazi wote waliopo, aliyewahi kukiona kikiwa kitupu kabla ya ukarabati alikuwa mmoja tu. Kwa bahati mbaya, huyo mmoja ndiye aliyekuwa mshukiwa.

Mhifadhi wa makumbusho, mwanamke aliyehamishiwa mji huo mwaka uliotangulia, alikuwa akimngojea dirishani. Mkononi alishika shada la funguo ambalo hadi juzi lilining'inia kiunoni mwa bawabu, na alilishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

"Nieleze tena," mpelelezi alisema. "Polepole, kama vile mimi ni mjinga."

"Tarumbeta la kwanza la bendi halipo, Afande. Ndilo lililopangwa kupulizwa leo mgeni rasmi akikata utepe. Kabla kazi haijaanza, vitu vyote vilipelekwa ghala la halmashauri. Tarumbeta halikufika huko. Babu Kufuli anasema hakuliamini lile lori, akalificha humu, ndani ya shubaka, kisha akasafiri kwenda kumwona binti yake aliyejifungua."

"Shubaka lipi?"

"Anasema lililo upande wa kulia ukiingia."

Mpelelezi alirudi mlangoni, akaingia upya, akatazama kulia. Ukuta ulikuwa mtupu na laini kama ganda la yai. Akatazama kushoto. Hapo palikuwa na shubaka la kupendeza, kabati lisilo na mlango lililochimbwa ndani ya ukuta na kupakwa chokaa nyeupe, na ndani yake hamkuwa na kitu. Mbele yake, katikati kabisa ya ukuta unaoelekeana na mlango, kulikuwa na dirisha moja. Zaidi ya hayo chumba hakikuwa na cha kueleza.

"Labda amechanganya mikono," alisema.

"Tulimwambia hivyo, kwa heshima. Akakataa. Na hata tukimkubalia kwamba alimaanisha kushoto, tarumbeta liko wapi?"

Msanifu wa majengo aliingia akiwa na futi ya chuma mkononi, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kupima. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kujivunia kazi yake, na kwa haki.

"Afande, hapa hakuna cha kubishania," alisema. "Chumba hiki tulikikuta kuta zimejaa mashimo na lipu imeanguka. Tumekijenga upya kwa kuifuata picha, mpaka misumari ya kutundikia kofia."

Picha yenyewe ilitundikwa kando ya mlango, imekuzwa hadi kufikia upana wa meza. Wanaume wa bendi walisimama safu mbili, matarumbeta midomoni, mashavu yamevimba, macho makavu kama ya watu walioambiwa wasipepese. Nyuma yao lilionekana dirisha la katikati. Kushoto kwake, katika ukuta wa kando, lilionekana shubaka.

"Imepigwa kutoka mlangoni," msanifu aliongeza. "Shubaka liko kushoto tangu enzi za bendi. Kulia hapajawahi kuwa na kitu. Picha haidanganyi."

"Sijawahi kukutana na shahidi asiyedanganya," mpelelezi alisema. "Hata wale wasio na ulimi." Akamgeukia mhifadhi. "Halmashauri inataka nini?"

"Mgeni rasmi akifika kabla tarumbeta halijapatikana, mzee apelekwe kituoni kwa wizi."

"Na wewe?"

"Mimi nataka asiwe mwizi," mhifadhi alisema. "Ila sina ushahidi wa kuutundikia huo utashi wangu."

* * *

Babu Kufuli alikaa kwenye benchi nyuma ya jumba. Alikuwa amevaa sare yake, vifungo vyote vimefungwa, kiatu kimepigwa rangi, kama mtu aliyeamua kwamba akikamatwa, akamatwe akiwa amependeza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunikamata au kunijulia hali?"

"Sijaamua."

"Basi kaa. Kuamua ukiwa umesimama kunachosha magoti."

Mpelelezi akakaa. "Shubaka lilikuwa wapi?"

"Ukiingia, kulia."

"Haiwezi kuwa kushoto?"

"Mkono wa kulia ndio ninaolia chakula. Sijawahi kuukosa mdomo."

"Ulilifichaje?"

"Makabati yalipotolewa tu, nililivika shuka, nikalilaza ndani, nikaziba shubaka kwa ubao. Ubao nikaukata mwenyewe, ukakaa sawasawa na ukuta. Nikaugongomelea. Walisema chumba kile kitakuwa cha mwisho, nami nikajua nitarudi kabla hawajafika huko."

"Wakaanza nacho."

"Rangi ya vyumba vya mbele ilichelewa, ndivyo nilivyosikia. Mimi nilikuwa nabembeleza mjukuu."

"Hajambo?"

"Hajambo sana. Akilia, redio inazimwa kwa aibu."

Mpelelezi alilipokea hilo bila kubadili uso. "Kwa nini hukumwambia mtu ulipolificha?"

"Nimwambie nani? Mji huu ukimnong'oneza mmoja asubuhi, jioni unasimuliwa habari yako na muuza vocha, tena ameiongezea chumvi."

"Na uliporudi, uliwaambia wauvunje ukuta?"

"Niliwaambia. Wakanisimamisha mbele ya picha." Mzee alitazama mikono yake. "Sasa mtu utabishana vipi na picha? Unaiuliza swali, yenyewe inakukodolea macho. Sikiliza, binti yangu. Hilo la wizi nitalikana popote, na wanaonijua wataniamini. Lakini nimeanza kujiuliza kama kichwa changu kimehama nyumba bila kuniaga. Hilo ndilo linaloniumiza. Nina mjukuu wa kumwonyesha mji huu. Nitamwonyeshaje kama sijui hata kulia kwangu?"

Mpelelezi alimsogelea kidogo kwenye benchi. "Nani mwingine alilitaka hilo tarumbeta?"

"Tulilitaka wote. Aliyesema kwa sauti ni Kinyozi."

* * *

Kibanda cha Kinyozi kilitazamana na lango la makumbusho. Kinyozi alikuwa mjukuu wa kiongozi wa bendi, na mwezi uliopita alikuwa ametangaza mbele ya wateja kwamba tarumbeta la babu yake litarudi kwao siku moja, watake wasitake. Mwanamke wa duka la pili, alipoulizwa, aliongeza kwamba kwa wiki kadhaa sauti za ajabu zilikuwa zikitoka kibandani baada ya kufungwa.

"Sauti za namna gani?"

"Za mbuzi, Afande. Mbuzi aliyepewa taarifa mbaya."

Mpelelezi alimkuta Kinyozi akimnyoa mteja ndevu. Wembe ulikuwa katika mkono wake wa kushoto, ukitembea chini ya kidevu kwa ustadi mkubwa. Chini ya meza ya vioo kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa taulo.

"Taulo hilo linafunika nini?"

Wembe ukasimama. Mteja, aliyekuwa amenyolewa shavu moja, alifumbua jicho moja.

"Afande, si vile unavyodhani," Kinyozi alisema.

"Sijadhani kitu. Nimeuliza."

Kinyozi aliinama, akaliondoa taulo. Chini yake palikuwa na tarumbeta linalong'aa.

"Mungu wangu," mteja alisema. "Nanyolewa na jambazi."

"Kaa kimya, nusu ya sura yako bado iko mikononi mwangu." Kinyozi alimgeukia mpelelezi. "Hili nimeazima shuleni. Mwalimu wa muziki anajua. Waliniomba nipulize la babu leo kwenye sherehe, nikakubali kwa kiburi, kumbe sijawahi kushika tarumbeta maishani. Ndiyo nafanya mazoezi kwa siri."

"Kwa siri," mteja alirudia. "Mtaa mzima tunakula na pamba masikioni."

Mpelelezi alilichukua tarumbeta, akaligeuza kwenye mwanga. Maelezo ya lililopotea aliyajua kwa moyo: bonde dogo la kubonyea karibu na mdomo na kiraka cha madini ya risasi chini ya tumbo. Hili halikuwa na bonde wala kiraka, na pembeni lilichorwa nembo ya shule. Akalirudisha.

"Puliza."

"Hapa?"

"Unasema unafanya mazoezi. Ushahidi wa mazoezi husikika."

Kinyozi alifuta povu mikononi, akaliinua tarumbeta, akapuliza. Nje mtu alicheka, na mtu wa pili akaomba msaada kwa utani. Lakini mpelelezi hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama vidole.

"Kwa nini unabonyeza kwa mkono wa kulia?"

"Vibonyezo ndivyo vilivyokaa, Afande. Wa kushoto unashika, wa kulia unabonyeza. Mwalimu kaniambia ndivyo duniani kote."

"Ila wewe unanyoa kwa kushoto."

"Mimi ni mtu wa shoto tangu tumboni. Nilijaribu kulipindua lile dude, likanikatalia. Tarumbeta halijali wewe ni nani."

"Asante," mpelelezi alisema. "Mmalizie mzee huyu shavu lake."

"Hilo tu?" mteja aliuliza, kwa masikitiko kidogo. "Hakamatwi?"

"Kwa leo, hapana. Kwa upulizaji huo, siwezi kuahidi."

* * *

Mbele ya picha, mpelelezi aliwaita mhifadhi na msanifu wasimame karibu.

"Tazameni mikono," alisema.

Walitazama.

"Wanabonyeza kwa mkono wa kushoto," mhifadhi alisema baada ya muda.

"Nani?"

"Wote."

"Huenda walikuwa watu wa shoto," msanifu alisema.

"Bendi nzima? Na hata hivyo, nimetoka kwa mtu wa shoto sasa hivi, na anapuliza kwa mkono wa kulia kwa sababu ala haimpi hiari. Tazameni mifuko ya mashati. Mfuko wa shati hushonwa kifuani upande wa moyo. Hawa wote mifuko yao iko upande wa pili. Ama mji huu ulikuwa na fundi cherehani mlevi na bendi ya watu wa ajabu kwa wakati mmoja, ama kuna maelezo mepesi zaidi. Picha hii mliitoa wapi?"

Mhifadhi alikuwa tayari ameshika mdomo wake. "Ile ya asili ni negativu ya kioo, ile ambayo picha huchapwa kutokana nayo. Tulikipeleka studio jijini kikasafishwe na kukuzwa."

"Kioo kipo?"

Kilikuwapo, ndani ya sanduku lenye pamba, ofisini. Mpelelezi alikishika pembeni kwa ncha za vidole na kukiinua mbele ya dirisha. Picha ndogo ilionekana, nyeusi na nyeupe zimebadilishana nafasi, shubaka likiwa kushoto kama kwenye picha kubwa. Kisha akakigeuza kioo, nyuma mbele. Shubaka likahamia kulia. Mifuko ikarudi upande wa moyo, na bendi nzima ikaanza kubonyeza kwa mkono unaostahili.

"Kioo kina pande mbili," alisema. "Aliyekisafisha angalikiweka kichwa chini miguu juu, angalitambua. Alikigeuza tu ubavu, na hakuna maandishi humu ya kumshtua. Picha haikudanganya. Ilisema ukweli kinyume, nanyi mkaujenga."

Msanifu aliketi sakafuni, juu ya vigae alivyovichagua kwa miezi, akiwa na suruali yake ya sherehe.

"Nimejenga chumba kizima kinyume," alisema.

"Kwa ustadi mkubwa," mpelelezi alisema. Hakukusudia kumfariji. Alikuwa akiandika akilini tu yaliyo kweli.

Mwashi aliitwa kutoka kwenye ngazi. Alikuja na msasa wake, akasimama mlangoni ili asichafue.

"Ukuta huu wa kulia ulipoupiga lipu, ulikuta ubao?"

"Nilikuta, Afande. Ubao mzuri, umekaa sawasawa. Nikajua fundi aliyenitangulia kaziba ufa. Nikapigilia wavu juu yake ili lipu ishike, nikaendelea."

"Hukuona vyema kumwambia mtu?"

"Niliulizwa kama nimeona tarumbeta. Sikuliona. Ubao hakuniuliza mtu."

Mpelelezi aliusogelea ukuta, akaubisha kwa kifundo cha kidole kuanzia mlangoni kuelekea dirishani. Ukuta ulijibu kwa sauti nzito, ileile, hatua baada ya hatua. Kisha ukajibu kwa sauti ya ngoma.

Uani mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti.

"Mwiteni mzee," mhifadhi alisema.

Mwashi alikwenda kuleta nyundo, lakini msanifu alimpokonya. "Kama ni kuvunja, navunja mimi," alisema. "Uongo wa chumba hiki ni wangu." Akavua koti, akalikunja vizuri dirishani, akaupiga ukuta ambao lipu yake alikuwa ameipapasa kila asubuhi kwa mwezi mzima. Alipiga mara ya pili kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu kwa furaha ya waziwazi. Vumbi likawajaa vichwani. Watu wa viti, waliosikia kishindo, walijazana mlangoni wakiulizana nani amegombana na nani.

Ubao ulipojitokeza, Babu Kufuli alipita katikati yao. Alipapasa misumari, akaitambua, akaomba koleo. Aling'oa mmoja mmoja bila haraka, kwa sababu mtu aliyeitwa mwizi kwa siku mbili ana haki ya kutokimbizwa. Ubao ukaanguka. Mzee akaingiza mikono ndani hadi mabegani, akatoa shuka la maua lililofungwa fundo, na ndani ya shuka mlikuwa na tarumbeta, bonde lake na kiraka chake vikiwa mahali pake.

Mlangoni watu walipasuka kwa vigelegele. Aliyekuwa na kipaza sauti akakimbia nacho mpaka waya ulipomzuia.

Mhifadhi alikwenda mbele ya mzee, vumbi kwenye nyusi, akanyoosha mikono miwili yenye funguo. "Babu, nimekukosea. Nilikiamini kioo nikakuacha wewe. Nisamehe."

Babu Kufuli alimtazama mpelelezi kwanza. "Kwa hiyo kichwa kipo nyumbani?"

"Hakijatoka hata barazani," mpelelezi alisema.

Mzee akacheka, cheko refu lililoanzia mbali na kuwabeba wote, akazipokea funguo, akamwambia mhifadhi, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila lile lori bado siliamini."

* * *

Kuliziba shimo hakukuwezekana, kwa kuwa magari ya wageni yalikwisha kufika. Mhifadhi aliagiza kifusi kifagiliwe pembeni na kamba ifungwe mbele ya ukuta. Utepe ukakatwa. Kinyozi akapuliza tarumbeta la babu yake, na ingawa haukuwa wimbo uliojulikana, ulishangiliwa mpaka akalazimika kuurudia, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza, kwa hiyo akapuliza mwingine.

Baadaye umati uliingia ndani. Ulipita vyumba vya mbele kwa adabu, ukitazama vyungu na cherehani za zamani, kisha ukajikusanya wote katika Chumba cha Bendi, kwenye lile shimo. Babu Kufuli alisimama mbele ya kamba akisimulia. Msanifu alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, nywele bado nyeupe kwa vumbi, akiitikia kwa kichwa.

Mpelelezi alisimama nyuma na kusikiliza, maana ripoti yake ilikuwa bado haijakamilika. Katika masimulizi ya kwanza, ukuta ulivunjwa kwa nyundo. Katika ya pili, nyundo ilivunjika. Katika ya tatu, mpelelezi aliusikiliza ukuta kwa sikio akauamuru useme. Kundi jipya lilipoingia, tarumbeta lilikuwa limeanza kulia lenyewe ndani ya ukuta, kwa sauti ndogo, likimwita mzee kwa jina.

Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alimgeukia mpelelezi, asimtambue. "Samahani, dada. Hayo anayosema huyo mzee ni kweli?"

Mpelelezi alimtazama Babu Kufuli, ambaye sasa alikuwa amepanua mikono kuonyesha ukubwa wa nyufa ambazo mlio huo ulizipasua ukutani.

"Shahidi huyo nimemhakiki mwenyewe," alisema. "Ni wa kuaminika."